Mwoga wa Sindano

Semhando, fundi wa vyerehani, Barabara ya Nane, Ngamiani,
mwenye sindano mkononi tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi,
ndiye niliyemwita mwoga wa sindano.
Nilimwita mbele ya mama yake. Nilimwita mbele ya wateja.

Ni mwaka ule nilipopasuliwa pale Bombo, nikampata Mwanamkuu.
Damu ikapungua, wakasema mume aje achangie.
Akaingia amekunja shati mpaka begani,
akatoka shati limeshushwa, kifungo cha mkono kimefungwa,
hakusema kitu.
Kaka yangu Kombo ndiye aliyelala akatoa chupa.
Nikahesabu: chupa ya kaka, shati la mume.
Miaka kumi na tisa nikahesabu hivyo hivyo.

Juzi mkojo wake ukatoka mwekundu.
Akasema ni juisi ya rozela aliyokunywa.
Siku ya tatu rozela ikaisha sokoni, wekundu haukuisha.

Kijana wa ultrasaundi akampaka ute wa baridi ubavuni,
kisha akanyamaza kama fundi anavyonyamaza
akiona jino la gurudumu limevunjika ndani
na mwenye mashine kasimama mbele yake.
Figo ya kulia. Uvimbe,
kama bobini tatu zilizobanana.

Daktari Mnkande akauliza, "Umewahi kuambiwa una homa ya ini?"
Mume wangu akaniangalia mimi kwanza, si daktari.
"Ndiyo. Virusi B. Siku aliyozaliwa binti yangu."

Nyumbani nikavuta droo ya cherehani ya zamani, ile isiyouzwa.
Chini ya bobini, chini ya chaki na mkanda uliokatika,
karatasi ya benki ya damu imekunjwa mara nne,
kutu ya sindano imeandika yake pembeni.
Asante kwa kujitolea. Damu yako haitatumika.

Haitatumika.

Nilimuuliza daktari: ini na figo, wapi na wapi?
Hakunipa uzi ulionyooka.
Alisema wapo wenye uvimbe huu na ini lao safi,
wapo wenye virusi watakaozikwa na figo zao nzima;
ila watafiti wakihesabu watu kwa maelfu,
waliokaa na homa ya ini miaka mingi
huonekana kwenye foleni ya saratani ya figo
zaidi kidogo ya wengine.
"Zaidi kidogo si hukumu," akasema. "Lakini si bure pia."
Kwa huyu mmoja, wangu, hajui.

Tulifunzwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu hakupewa jembe. Alipewa ini akae,
bila kikohozi, bila kubisha mlango wa kati,
na mwenyeji akaona haya kumtaja.
Mwenzako akinyolewa, wanasema.
Lakini ini halikupiga kelele wembe ulipopita.
Figo ingejuaje itie maji?

Sijui nimkasirikie nani. Nimeanza na mimi.

"Ungeniambia," nilisema usiku.
"Ningekwambia lini? Ulikuwa na mshono.
Halafu ulikuwa na furaha.
Halafu ulikuwa umeshazoea kunicheka."

Jumanne tulikwenda Bombo watatu.
Kadi ya kliniki ya Mwanamkuu ilikuwa na mihuri yote ya chanjo,
nikaibusu pale foleni, watu wakatazama.
Kipimo chake: mstari mmoja.

Ikawa zamu yangu.
Semhando, wa kupasuliwa mwezi ujao, akakaa ubavuni pangu,
akaikagua sindano ya muuguzi kwa jicho la kazi.
"Ncha nzuri hii," akasema. "Haitakwaruza."

Wa kufumba macho nilikuwa mimi.